Mipaka na Shabaha: Kufundisha Mashambulio ya Moscow ya 1941–1942

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha historia ya Vita Kuu ya Pili hukutana mapema na sentensi isemayo kwamba Warusi waliwashambulia Wajerumani mbele ya Moscow katika majira ya baridi ya 1941–42, wakawarudisha nyuma. Sentensi hiyo si ya uongo. Lakini ukiitazama kwa makini utaona kwamba haisemi mashambulio hayo yalianzia wapi na kukomea wapi, yalikusudia nini, wala kama yalikoma kwa kuwa yamefika yalikokuwa yakienda au kwa kuwa yalichoka njiani. Mwalimu aichukuaye kama ilivyo na kuiandika ubaoni amewapa watoto tarehe na jina la mshindi, nao watayakariri na kuyasahau. Maoni yangu ni kwamba kazi ya kwanza ya mwalimu wa historia, kabla ya kusimulia vita yoyote, ni kuweka mipaka ya tukio lenyewe na kuitaja shabaha yake. Mashambulio haya ya Moscow yanatufaa sana kwa zoezi hilo, kwa sababu mipaka yake ilibishaniwa na wale wale walioyaongoza.

Pengine mtu atauliza, mambo ya theluji na misitu ya misonobari yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, kwa kuwa vita hiyo haikuwa ya Ulaya peke yake. Tarehe 27 Novemba 1941, siku nane tu kabla ya mashambulio tunayoyazungumza, jeshi la mwisho kubwa la Waitalia katika Ethiopia lilisalimu amri huko Gondar, na miongoni mwa waliolishambulia walikuwamo askari wa K.A.R. kutoka nchi zetu za Afrika Mashariki. Babu wa watoto tunaowafundisha walikuwa katika vita ile ile. Basi si vibaya mtoto akijua jambo lililokuwa likitendeka wiki hizo hizo katika medani kubwa kuliko zote.

Neno moja kuhusu majina. Vitabu vingi husema "Warusi", na kwa mazungumzo ya kawaida hapana ubaya. Darasani, hata hivyo, napendelea kusema "Wasovyeti", kwa kuwa katika mahandaki ya Moscow walikuwamo Waukraine, Wakazakh, Wakirgizi na wengine wengi wa Muungano wa Kisovyeti wa wakati huo. Divisheni ya 316 iliyopata sifa kubwa katika ulinzi wa Moscow iliundwa Alma-Ata, mbali sana na Urusi yenyewe.

Sasa tuingie katika tukio. Ujerumani iliuvamia Muungano wa Kisovyeti tarehe 22 Juni 1941. Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba ilianza mashambulio yake ya kuuteka mji wa Moscow, ikayazingira majeshi makubwa ya Wasovyeti karibu na Vyazma na Bryansk. Mvua za vuli ziligeuza barabara kuwa tope, magari yakakwama. Ardhi ilipoganda katikati ya Novemba Wajerumani walisonga mbele tena, kwa mikono miwili: mmoja kutoka kaskazini kupitia Klin, mwingine kutoka kusini kuuzunguka mji wa Tula. Ilipofika mwanzo wa Desemba baadhi ya vikosi vyao vilikuwa kiasi cha kilomita 30 tu kutoka Moscow. Mtoto wa kijijini huijua kilomita 30. Ni mwendo wa siku moja kwa miguu. Mwalimu asiache kuitumia.

Hapa ndipo jambo letu linapoanza. Tarehe 30 Novemba 1941 Jemadari Georgy Zhukov, aliyekuwa akiongoza Fronti ya Magharibi tangu tarehe 10 Oktoba, aliwasilisha kwa Stalin mpango wa kushambulia. (Fronti, kwa desturi ya Wasovyeti, ni kundi la majeshi kadhaa chini ya amiri mmoja, tusilichanganye na mstari wa mapambano.) Mpango wenyewe ulikuwa mfupi, na shabaha yake ilikuwa ya kiasi. Mkono wa kulia ungepiga kuelekea Klin, Solnechnogorsk na Istra. Mkono wa kushoto ungepiga kuelekea Uzlovaya na Bogoroditsk, ubavuni na nyuma ya vifaru vya Jemadari Guderian. Majeshi ya katikati yangewashika tu Wajerumani waliowakabili wasipate kuhama kwenda kusaidia mbavu. Makusudio yalikuwa kuiondoa hatari iliyoukabili mji mkuu. Hapakuwa na neno lolote la kuuangamiza upande mzima wa adui, kwa sababu, kama Zhukov mwenyewe alivyoeleza baadaye, hapakuwa na nguvu za kufanya hivyo.

Shambulio lilianza tarehe 5 Desemba kwa Fronti ya Kalinin iliyoongozwa na Konev, na siku iliyofuata Fronti ya Magharibi ikaingia, pamoja na upande wa kulia wa Fronti ya Kusini-Magharibi ya Timoshenko. Yelets ulikombolewa tarehe 9, Istra tarehe 11, Solnechnogorsk tarehe 12, Klin tarehe 15, Kalinin (mji unaoitwa Tver siku hizi) tarehe 16, na Kaluga tarehe 30 Desemba. Wajerumani walirudishwa nyuma kilomita 100 mahali pengine, na pengine hadi 250. Hitler aliamuru majeshi yake yasirudi nyuma hata hatua moja, akamwondoa mkuu wa majeshi ya nchi kavu na kukitwaa cheo hicho yeye mwenyewe tarehe 19 Desemba. Majemadari kadhaa, Guderian akiwamo, waliachishwa kazi. Ukiyapima mashambulio hayo kwa shabaha iliyoandikwa tarehe 30 Novemba, utaona kwamba yalitimiza yote yaliyokusudiwa, tena yalizidi.

Lau mambo yangaliishia hapo, makala haya yasingalikuwa na haja. Lakini tarehe 5 Januari 1942 viongozi walikutana katika Makao Makuu ya Amri ya Juu, na Stalin akatoa pendekezo la kupanua mashambulio yaenee kwenye fronti zote, kutoka Leningrad kaskazini hadi Crimea kusini. Kwa simulizi ya Zhukov, yeye alipinga: alitaka nguvu zilizokuwapo zikusanywe mahali pamoja, katika upande wa magharibi, ambako adui alikuwa ameyumba na hajapata kujipanga upya. Voznesensky, aliyeshughulikia uchumi wa vita, alionya kwamba vifaa havikutosha kwa mashambulio ya fronti zote kwa wakati mmoja. Malenkov na Beria walimpuuza. Baada ya mkutano Shaposhnikov, mkuu wa watumishi wa jeshi, alimwambia Zhukov kwamba alibishana bure, kwani neno lilikuwa limekwisha kukatwa. Tarehe 10 Januari barua ya maelekezo ilitumwa kwa makamanda ikisema, kwa muhtasari, kwamba Wajerumani wasukumwe kuelekea magharibi pasipo kupumzishwa, walazimishwe kuimaliza akiba yao kabla ya majira ya machipuko, na kwa njia hiyo majeshi ya Hitler yapate kushindwa kabisa katika mwaka huo wa 1942.

Nawaomba wanachuo waiweke karatasi ya tarehe 30 Novemba mkono mmoja na barua ya tarehe 10 Januari mkono wa pili. Siku zilizopita baina yake ni arobaini na moja. Majeshi ni yale yale, yamepungua na kuchoka. Bunduki ni zile zile, na theluji imezidi kuwa nene. Kilichokua ni shabaha. Kutoka kuuondolea mji mmoja hatari, imekuwa kuimaliza vita katika mwaka mmoja.

Kwa hiyo mimi huuweka mpaka katika juma hilo la kwanza la Januari. Wanahistoria wa Kisovyeti nao waliukata hapo: walihesabu mashambulio ya kujibu ya Moscow kuwa yalianza tarehe 5 Desemba 1941 na kwisha tarehe 7 Januari 1942, kisha wakahesabu operesheni nyingine, ya Rzhev na Vyazma, kuanzia tarehe 8 Januari hadi tarehe 20 Aprili. Askari aliyelala handakini usiku wa tarehe 7 hakuona tofauti yoyote alipoamka asubuhi ya tarehe 8. Mapigano hayakukatika. Lakini tukio la kihistoria hupata umbo lake kutokana na makusudio ya waliolitenda, na makusudio yanapobadilika tuna haki ya kusema kwamba tukio jingine limeanza. Mwalimu anayeunganisha miezi yote mitano na kuiita ushindi huficha kosa la Januari nyuma ya mafanikio ya Desemba. Yule anayeiunganisha na kuiita kushindwa hufanya dhuluma kwa upande wa pili.

Yaliyofuata ni marefu, nami nitayapitia upesi. Kusudi la operesheni ya Rzhev na Vyazma lilikuwa kulizingira na kuliangamiza Kundi la Majeshi ya Kati la Wajerumani, majeshi ya Konev yakishuka kutoka kaskazini na ya Zhukov yakipanda kutoka kusini-mashariki, yakutane Vyazma. Tarehe 19 Januari, katikati ya kazi hiyo, Jeshi la Kwanza la Mgomo liliondolewa mikononi mwa Zhukov na kupelekwa fronti nyingine. Jeshi la 33 la Jemadari Yefremov lilifika karibu na Vyazma, kisha Wajerumani wakaufunga mlango nyuma yake. Yefremov, akiwa amejeruhiwa, alijiua mwezi Aprili asipate kutekwa. Huko kaskazini, Jeshi la Pili la Mgomo lililokwenda kuifungulia Leningrad njia lilizingirwa katika vinamasi, na mabaki yake yalimalizwa kiangazi kilichofuata. Kusini, mashambulio ya Barvenkovo ya Januari yalipata kipande kikubwa cha nchi, lakini kipande hicho kiligeuka kuwa mfuko, na mwezi Mei 1942 majeshi ya Wasovyeti yaliyokuwa ndani yake yalinaswa katika maafa ya Kharkov. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1969 Zhukov anaeleza kwamba risasi za mizinga zilipungua hata mzinga mmoja ukawa unapewa risasi moja au mbili kwa siku. Wanachuo wanaojua maana ya kufundisha watoto themanini kwa vitabu kumi hawatahitaji maelezo zaidi.

Sasa niligusie lile jibu ambalo watoto hulitoa kabla hujamaliza swali: kwamba baridi ndiyo iliyowashinda Wajerumani. Walimu wengi hulipokea na kuendelea. Ni jibu tamu, kwa kuwa linaeleweka na halimlaumu mtu yeyote. Wapo majemadari wa Kijerumani walioandika baada ya vita na kulipenda kwa sababu hiyo hiyo ya pili. Bila shaka baridi ilikuwa kali mno, askari wa Kijerumani hawakuwa na mavazi ya kutosha ya majira hayo, mafuta yaliganda katika mashine zao. Lakini baridi iliwapiga wote wawili. Askari wa Kisovyeti walisonga mbele katika theluji ya kufika kiunoni, na kusonga mbele katika theluji ni kazi kubwa kuliko kukaa kijijini na kuilinda nyumba yenye jiko. Tena, baridi ya Januari na Februari haikuwa hafifu kuliko ya Desemba. Mbona Wajerumani waliorudi nyuma Desemba walisimama Februari? Mwalimu akiwauliza watoto swali hilo moja, wataona wenyewe kwamba baridi haitoshi kuwa sababu. Lazima waitafute katika majeshi ya akiba yaliyoletwa na kufichwa nyuma ya Moscow hadi saa ya kufaa, katika urefu wa njia za reli zilizowalisha Wajerumani, na katika upana wa shabaha.

Nije kwenye hesabu, maana hapo mwalimu anaweza kuteleza vibaya. Takwimu rasmi zilizochapishwa Urusi mwaka 1993, baada ya miaka mingi ya usiri, zinasema kwamba katika mashambulio ya Desemba hadi tarehe 7 Januari Wasovyeti walipoteza watu 139,586 waliokufa, kutekwa au kutojulikana walipo, na 231,369 waliojeruhiwa au kuugua. Katika operesheni ya Rzhev na Vyazma walipoteza 272,320 wa aina ya kwanza na 504,569 wa aina ya pili. Wapo watafiti wanaoona kwamba hata idadi hizo ni ndogo kuliko ukweli. Mwalimu mwenye haraka ataziandika ubaoni jozi mbili hizo na kusema: tazameni, ya pili ni karibu mara mbili ya ile ya kwanza, kwa hiyo lilikuwa kosa. Watoto wataafiki. Lakini mtoto mmoja hodari wa hesabu akikumbuka kugawa, somo litaanguka. Mashambulio ya kwanza yalichukua siku 34, ya pili siku 103. Ukigawa utapata kwamba katika mashambulio ya kwanza watu waliopotea kabisa walikuwa kama 4,100 kwa siku, na katika ya pili kama 2,640. Yaani kwa kila siku iliyopita ule ushindi wa Desemba uligharimu zaidi.

Je, hesabu hiyo inaiondolea lawama barua ya Januari? Haiiondolei, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Idadi ya waliokufa haiwezi peke yake kutuambia kama amri fulani ilikuwa ya busara. Inabidi tuulize walikufa katika kutafuta nini, na kama kitu hicho kingeweza kupatikana kwa vifaa vilivyokuwapo. Watu wa Desemba walikufa kwa shabaha iliyokadiriwa kwa nguvu zao, na ikapatikana. Wale wa Februari na Machi walipewa shabaha ambayo, kwa onyo la mtu aliyezijua ghala zenyewe, haikuwa na vifaa vya kuitimiza. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuielewa tofauti hiyo, na nadhani ni jambo zito kuliko yote atakayojifunza katika somo hili, kwa maana siku moja naye atakuwa mzee wa kijiji, au karani, au kiongozi, mwenye kuwapangia watu wengine kazi.

Haki inadai niseme pia yanayoweza kusemwa kwa upande wa Stalin. Mwanzoni mwa Januari jeshi la Kijerumani lilikuwa katika hali mbaya kweli kweli, na mtu aliyeutazama mji baada ya mji ukikombolewa angeweza kuamini kwamba pigo moja zaidi lingemwangusha adui. Kungoja nako kuna gharama: kila juma lililopita lilimpa adui nafasi ya kuchimba mahandaki na kuleta divisheni mpya kutoka magharibi. Vilevile tusisahau kwamba habari za mkutano wa tarehe 5 Januari tunazipata hasa kwa Zhukov, naye alikuwa na sababu ya kutaka ionekane kwamba alionya. Katika kikao chochote mtu aliyeandika kumbukumbu ndiye aliyesema maneno ya hekima. Mimi naona hoja yake ina nguvu hata tukimpunguzia sifa, kwa sababu barua ya tarehe 10 Januari ipo, na matokeo ya Aprili yapo. Lakini mwanachuo asiisome kumbukumbu ya jemadari kama asomavyo jedwali la kuzidisha.

Mfano mkubwa wa hatari hiyo ulitokea majira ya baridi yaliyofuata. Tarehe 19 Novemba 1942 Wasovyeti walianza operesheni waliyoiita Uranus, wakaizingira Stalingrad kwa siku chache. Tarehe 25 Novemba, mbali kaskazini, walianza nyingine iliyoitwa Mars, tena kule kule Rzhev, nayo ikashindwa. Zhukov, aliyeisimamia, katika kumbukumbu zake aliieleza kuwa pigo la kuwafunga Wajerumani wasipeleke msaada kusini. Mwaka 1999 mwanahistoria wa Kimarekani David Glantz alitoa kitabu chenye hoja kwamba Mars ilipangwa kuwa operesheni kubwa yenye shabaha yake yenyewe, na kwamba jina la "kuwafunga adui" lilipatikana baada ya kushindwa. Wapo wanaompinga. Sisi tunapata funzo la kazi yetu: shabaha ya tukio itafutwe katika maandishi ya kabla ya tukio. Baada ya tukio kila mpiga mishale huweza kuchora duara kuuzunguka mshale wake pale ulipochoma.

Katika majira hayo hayo ya 1942 upo mfano wa upande mwingine, nao napenda kuufundisha kwa sababu hausemwi sana. Baada ya Uranus mpango ulikuwa kufanya operesheni kubwa iliyoitwa Saturn, ya kwenda mpaka Rostov na kuwakatia njia Wajerumani wote waliokuwa Kaukazi. Lakini waliozingirwa Stalingrad waligundulika kuwa wengi mno kuliko makadirio ya awali, na kuanzia tarehe 12 Desemba majeshi ya Manstein yakaanza kusogea kuwaokoa. Amri ya Juu ikaikata Saturn, ikaacha Rostov, ikaelekeza pigo karibu zaidi, ili kuuvunja msaada huo. Operesheni hiyo ndogo, iliyoitwa Saturn Ndogo, ilianza tarehe 16 Desemba na ikafaulu. Watu wale wale walioipanua shabaha Januari waliipunguza Desemba ya mwaka ule ule. Sijui kama watoto huipenda hadithi ya mtu aliyepunguza shabaha yake; ngoma hazipigiwi hadithi ya namna hiyo. Lakini isimulieni.

Nimalizie kwa mambo ya darasani. Nashauri vipindi viwili, si kimoja. Katika kipindi cha kwanza mwalimu achore ubaoni ramani sahili isiyo na zaidi ya majina saba: Moscow, Klin, Kalinin, Tula, Kaluga, Rzhev na Vyazma. Asichore mishale bado. Awaeleze watoto hali ilivyokuwa tarehe 30 Novemba, kisha awaulize wao wangelenga nini kama wangekuwa na majeshi mapya matatu na risasi chache. Makundi ya watoto wanne au watano yajadiliane, kila kundi liseme shabaha yake kwa sentensi moja. Makundi mengine yatasema Berlin. Mwalimu asicheke, aliandike jibu hilo pamoja na mengine. Ndipo achore mishale ya mpango wenyewe, na darasa lipime.

Katika kipindi cha pili alete barua ya Januari, kwa maneno mepesi, na mgao wa hesabu niliouonyesha hapo juu. Mgao wenyewe waufanye watoto katika madaftari yao. Kisha aulize maswali machache tu: Walitaka nini? Walikuwa na nini? Nani alijua kwamba hakitoshi, na alisema lini? Maswali yanayoanza kwa "nani alishinda" ayaweke mwisho, kama muda upo. Ubao ukiwa mdogo, mchanga wa uwanjani unafaa kwa ramani kuliko karatasi, na majani ya mkorosho yanaweza kuwa divisheni.

Wenzangu wengine husema kwamba muhtasari ni mrefu, mtihani uko karibu, nao mtihani utauliza tarehe. Nakubali kwamba muda ni mfupi. Lakini litazameni andalio la somo linalosema: "Madhumuni: wanafunzi waelewe Vita Kuu ya Pili." Kipindi ni cha dakika arobaini, chaki ni vipande viwili, ramani hakuna. Huyo mwalimu ameandika barua ya tarehe 10 Januari, naye ataingia nayo darasani. Mwingine ameandika: "Wanafunzi waweze kueleza kwa nini shabaha ya Desemba 1941 ilifikiwa na ya Januari 1942 haikufikiwa." Hilo linawezekana kwa vipande viwili vya chaki, na tarehe za mtihani zimo ndani yake zote.

Jambo la mwisho ni la ramani. Watoto watakapoirudia ramani yao katika madaftari, kila mji wauandikie tarehe ya kukombolewa. Klin, Kalinin na Kaluga zote zitapata tarehe za Desemba 1941. Wakifika Rzhev na Vyazma wataona kwamba operesheni ilibeba majina ya miji hiyo miwili kwa zaidi ya miezi mitatu, na yote miwili ikabaki mikononi mwa Wajerumani mpaka Machi 1943. Mwalimu awaache waulize.